Kidole cha Pete na Vibao Bora

Jumatatu, 3 Machi

Kampuni ya muziki wamepiga simu asubuhi, nikiwa namenya viazi. Wanataka kutoa mkusanyo wa vibao vyangu. Nyimbo kumi na mbili, tangu nilipoanza kupiga bluzi na roki mpaka nywele ziliponihama. Jina wameshalipata: Bora Zake Zote. Zake! Kana kwamba nimeshazikwa na wao wamekuja kugawana vyombo.

Mke wangu alikuwa mlangoni, anasikiliza kila neno. Nilipokata simu alininyang'anya kisu akanikumbatia na maganda yangu yote. Akasema sasa wajukuu wataamini kwamba babu yao hakuwa fundi redio. Nikacheka. Nilicheka vizuri tu, hakuna aliyegundua kitu.

Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikachukua gita.

Kidole kile kile. Cha pete, mkono wa kushoto. (Pete yenyewe nilishaivua zamani, inakwaruza shingo ya gita. Iko kwenye kasha, pamoja na nyuzi za akiba.) Nikikipeleka kwenye uzi kinajikunja. Polepole, chenyewe, mpaka kinagusa kiganja. Hakiumi. Afadhali kingeuma! Nikiweka gita chini kinanyooka kama mtoto mwenye adabu. Kinafunga vifungo, kinashika kikombe, leo kimesaidia kumenya viazi sufuria nzima.

Gita tu ndilo kinalolikataa.

Naogopa. Nimeandika hivyo ili nione likoje neno hilo likiwa kwenye karatasi. Ni baya vilevile.


Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa mishipa, gita begani. Mke wangu nimemwambia nalipeleka kwa fundi. Watu kwenye benchi walidhani nimekuja kutumbuiza wagonjwa. Mama mmoja akauliza tunaanza saa ngapi.

Daktari alinigonga magoti, akanichomachoma kwa pini, akaniambia nimbane vidole vyake kwa nguvu zangu zote. Akasema mkono huu ni wa kijana. Nikamwambia subiri. Nikatoa gita, nikapiga mstari wa kwanza wa wimbo wangu wa Viatu Mlangoni, na kidole kikajikunja mbele ya macho yake. Akaacha kuandika.

Ugonjwa una jina refu, sikulishika. Maana yake, mkono hauna kosa lolote. Ubongo ndio umechanganyikiwa, baada ya kukiamrisha kidole jambo lile lile maisha yangu yote. Nikauliza dawa. Akasema zipo za kujaribu, wengine huwafaa, wengine haziwafai. Kwanza nipumzike kupiga.

"Mpaka lini?"

Akavua miwani, akaanza kuifuta. Daktari akishaanza kufuta miwani, basi.

Nyumbani mke wangu akauliza gita limepona? Nikasema fundi amekaza skrubu.


Jumamosi, 8 Machi

Leo tumesikiliza nyimbo zote kule ofisini kwa kampuni. Mkurugenzi, mama wa sauti ndogo ambaye harudii neno. Fundi mitambo wa studio. Mimi. Na shemeji.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu, na ndiye mpiga ngoma wangu tangu siku ya kwanza. Watu humwita Saa ya Ukuta, maana mapigo yake hayasogei. Inasemekana studio moja walimlinganisha na mashine ya kuhesabia mapigo, wakatofautiana, na kilichopelekwa kwa fundi ni mashine. Anayesema hivyo ni yeye mwenyewe. Husema pia kwamba ameniazima tu dada yake, siku nikikosea mapigo anamrudisha kwao.

Spika zikafunguliwa, yule kijana akaanza kupiga. Mimi huyo wa zamani! Anauvuta uzi mpaka unalia, anauacha, anaukimbilia tena. Hana habari hata kama ana vidole. Watu wakatikisa vichwa kwa raha, Mkurugenzi akafumba macho. Mimi nilimchukia. Nilitamani nimwambie kitu kimoja tu, apunguze mazoezi. Asingesikia.

Halafu Mkurugenzi akasema kuna jambo dogo. Ghala limevuja. Kanda ya Viatu Mlangoni — kibao cha kwanza, kilichonitoa, kile ambacho hata watoto wa shule wanakiimba bila kujua ni cha nani — imeharibika. Santuri zilizobaki zimekwaruzika, hazifai kunakiliwa. Bila wimbo ule hakuna mkusanyo. Kwa hiyo tutaurekodi upya, na uwe ule ule, msikilizaji asitofautishe.

Nikautia mkono wa kushoto mfukoni.

Shemeji akachukua biskuti ya mwisho sahanini. "Tutapiga," akasema. Akanitupia jicho kidogo tu, akarudi kwenye biskuti yake.


Jumanne, 11 Machi

Nimeumudu!

Tangu Jumapili nimejifungia chumbani nikiupanga wimbo upya kwa vidole vitatu. Kile kikaidi nimekiacha kijikunje kinavyotaka, kikae huko huko kiganjani. Vingine vinafanya kazi yake. Ni kama nyumba ambayo mmoja amelala na wengine wanamfulia.

Leo tumefanya mazoezi kwenye kile chumba chetu nyuma ya karakana ya seremala. Vumbi la mbao mpaka kwenye maikrofoni, na msumeno wake unanguruma hauko kwenye ufunguo wetu wala wa mtu mwingine. Shemeji akahesabu, tukaingia. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili — ule wenye kuvuta nyuzi mbili — ukapita! Nilikuwa na nafasi ya kutosha, vidole vilifika bila kuhema. Mpiga besi, ambaye husema mara mbili kwa mwaka, akasema safi.

Labda daktari amekosea. Labda nilijitisha bure. Nilirudi nyumbani nikamkamata mke wangu kiuno, akaniuliza nimeokota nini njiani.


Ijumaa, 14 Machi

Studio. Siku mbaya. Nitaandika yote, hata hili la mwisho.

Tuliurekodi asubuhi, ukapita. Fundi mitambo akasema ngoja tuulinganishe. Akaweka ile santuri ya zamani yenye mikwaruzo upande mmoja, wetu wa leo upande mwingine, akavianzisha pamoja. Mwanzoni vilikwenda sawa. Kabla mstari haujaisha yule kijana wa santuri alishatangulia. Kufika kwenye kiitikio yeye yuko mlangoni, sisi bado tunatafuta viatu. Fundi aliviacha viendelee hivyo mpaka mwisho. Ilikuwa aibu ya kusikika.

Fundi akasema ngoma imelala. Alisema kwa upole, akiangalia vitufe vyake.

Wote tukamgeukia shemeji. Saa ya Ukuta! Alikuwa anafuta viganja kwa kile kitambaa chake cha bluu. Nikangoja aruke, atukane, adai mashine ipelekwe kwa fundi. Akakunja kitambaa. "Basi imelala," akasema, akaenda kutafuta maji ya kunywa.

Mkurugenzi akanivuta koridoni. Akasema anajua ni jambo zito, mtu mwenyewe ni ndugu wa mke wangu, lakini mzee amechoka. Jumanne wataleta mpiga ngoma mwingine, anayepiga na mashine sikioni, hapungui wala hazidi. Jumatatu atampigia shemeji simu yeye mwenyewe, mimi nisijisumbue. Akaniuliza nina neno?

Nikasema, "Ni kweli, amekula chumvi nyingi."

Mimi nimesema hivyo. Na nilipokuwa nasema nilihisi raha, raha kabisa, maana hakuna aliyeangalia mkono wangu.


Jumamosi, 15 Machi

Mke wangu alipokwenda sokoni nimetoa santuri yangu mwenyewe nikajaribu kupiga sambamba nayo. Kwa vidole vitatu.

Haiwezekani. Havifiki. Mstari wa pili vinafika wakati kijana ameshaondoka. Nimejaribu mpaka nyuzi zimenichora.

Lakini Jumanne vilifika. Jana pia vilifika. Nafasi ile nilipewa na nani?

Nimekaa kitandani nikirudisha mambo nyuma. Ule wimbo wa haraka tuliopiga kwenye harusi, nikashangaa umekuwa mwepesi. Wimbo wa kufungulia onyesho, siku hizi naumudu bila kutoka jasho. Nikajipongeza kwamba nimekomaa! Saa ya Ukuta haijawahi kuchelewa kwa bahati mbaya. Anakaa upande wangu wa kushoto, mkono wangu uko mbele ya macho yake kila siku.

Anajua. Kumbe anajua.

Naogopa zaidi kuliko kule kwa daktari. Kule ilikuwa kidole tu.


Jumapili, 16 Machi

Shemeji alikuja kula mchana. Huja kila Jumapili, ila leo nilitamani apate mafua. Alikula vizuri, akamtania dada yake kuhusu chumvi, akaniuliza mimi kama gita halijarudi tena kwa fundi. Nikainama kwenye sahani.

Baada ya kula mke wangu akaanza kutoa vyombo huku akiimba Viatu Mlangoni. Shemeji akachukua vijiko viwili, akampigia kwenye ukingo wa meza. Na mapigo yalikuwa yale! Yale yale ya santuri, hayapungui hata chembe. Mke wangu akaweka sahani chini akaanza kucheza na kitambaa cha vyombo begani, miaka ikamtoka mabegani. Mzee aliyechoka, huyo!

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mezani, karibu na glasi. Sijui kwa nini, vidole vikaanza kuutafuta wimbo kwenye kitambaa cha meza. Na kidole kikajikunja. Nikaona shemeji ameona. Hakunitazama usoni. Aliendelea kupiga vijiko, macho kwenye mkono wangu, na taratibu, kidogo kidogo, akayalegeza mapigo mpaka vidole vyangu vitatu vikaweza kufuata.

Mke wangu akasimama katikati ya hatua. "Mbona unatulaza, kaka?"

"Mikono imechoka, dada."

Akacheka, akamwambia amezeeka, akabeba sahani zake jikoni. Mimi nikavaa miwani ya mbao, nikajifanya natafuta kijiti cha meno.

Nilimsindikiza shemeji mpaka getini. Akainama kufunga kamba za viatu, muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji. Akiwa chini huko huko akauliza kidole kimeanza lini.

Nikasema, "Kidole gani?"

Akasimama, akajikung'uta magoti. Akasema haya, msalimie dada. Akaondoka.

Kidole gani! Mtu amenibeba mgongoni miezi yote hii, na mimi namuuliza kidole gani. Lakini ningekiri, lingekuwa kweli. Sasa hivi ni kweli ya daktari tu, na daktari hanijui.


Jumatatu, 17 Machi

Mkurugenzi amempigia. Najua kwa sababu shemeji naye akanipigia mimi. Hakunilaumu. Ningeona afadhali angenilaumu. Aliongea kama mtu anayeelekeza njia: amekubali, hakubishana, amewaambia kweli mikono imezeeka. Fimbo zake za ngoma ameshazifunga kwa mpira.

Kisha akasema, "Sikiliza, shemeji. Huyo wa kesho hatakusubiri."

Akaendelea, bado kwa sauti ile ile. Akasema la kuwaambia wale wa kampuni ni langu, nitajua mwenyewe, yeye hataki lolote kwao. Ila kama nitasema, nisianze na wao. Nianze na dada yake. Hataki asikie habari za mume wake kwenye vipaza sauti vya studio.

Nikamwambia mtandao unasumbua, simsikii vizuri. Nikakata.

Jioni mke wangu akapata habari kutoka kwa wifi yake. Sijamwona hivyo tangu mwenye nyumba alipotutolea vitu nje. Alizunguka sebule, akainua mito, akairudisha. Kaka yake alaze ngoma? Kaka yake, ambaye hata debe la mafuta analipiga kwa mpigo? Jana amempigia vijiko hapa hapa, ameona mwenyewe, mwanzo alikuwa moto kabisa!

Kisha akasimama, mto mkononi. Nadhani alikuwa anakumbuka mwisho.

Akanigeukia. "Wewe si ulikuwepo? Ulisema nini?"

Nikasema Mkurugenzi ndiye mwenye uamuzi. Akasema kesho tunakwenda wote studio, anataka kumsikia kwa masikio yake huyo mtu anayemzidi kaka yake. Nikasema haina haja. Akasema ameshapiga pasi gauni.


Jumanne, 18 Machi

Niko studio, kwenye benchi la koridoni. Fundi mitambo amesema tupumzike, anabadilisha maikrofoni. Maikrofoni haina kosa lolote. Ananisitiri.

Yule mpiga ngoma mpya ni mtu mpole, amenisalimia kwa mikono miwili, akasema alijifunza kupiga kwa kufuata nyimbo zangu. Nilitaka awe mjeuri, angalau nimchukie. Ameweka mashine yake sikioni, akahesabu, akaanza. Mapigo ya santuri, barabara kabisa. Mstari wa kwanza nikajikaza kisabuni. Wa pili, kidole kikajikunja na vile vitatu vikabaki nyuma. Nikainua mkono, nikasema uzi umelegea. Nikaukaza uzi uliokaza.

Tukaanza tena. Pale pale. Nikasema hizi hedifoni zinanibana. Nikavua, nikavaa. Yule bwana akasema hamna shida, mzee. Hakusubiri, kama nilivyoambiwa — si kwa ubaya, ni kwamba hawezi kusubiri, mashine haimruhusu.

Mke wangu alikuwa upande wa pili wa kioo, karibu na fundi mitambo, mkoba magotini, amevaa kama mtu anayekwenda kusikiliza kesi. Mara ya kwanza alikuwa anamkodolea macho mpiga ngoma, tayari kumkosoa. Mara ya pili nilipoinua uso alikuwa hamtazami tena. Alikuwa ananitazama mimi. Si usoni, chini kidogo. Vidole vyake vilikuwa vinagonga juu ya mkoba, nikavifuata kwa macho, na havikuwa vinagonga mapigo ya yule bwana. Vilikuwa polepole. Vilikuwa vijiko vya Jumapili, mwisho wake, baada ya kulegezwa.

Nikawahi kutoka, nikaja hapa na daftari.

Nilikuwa naandika hayo ya juu mlango ukafunguka. Ni yeye. Ameketi kushoto kwangu, ameweka mkoba sakafuni, sakafu ambayo siku nyingine asingeiwekea hata kiatu. Nami sijainua kichwa. Naandika, ili aone nina kazi. Hajui nimeandika nini humu, na hachungulii.

Ameuchukua mkono wangu wa kushoto. Ameuweka juu ya paja lake, kiganja juu. Naendelea kwa wa kulia.

Fundi mitambo ametoa kichwa: tuko tayari, mzee. Mke wangu hajageuka. Anapitisha dole gumba lake juu ya vidole vyangu, kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo. Vyote vimenyooka. Vyote vina adabu.

"Ni kipi?" ameuliza.

Kule ndani yule bwana anajaribu ngoma zake, nasikia zinapita ukutani, hazipungui wala hazizidi. Mlango wa fundi bado uko wazi. Mkono wa mke wangu una baridi, au ni wangu. Sasa amefika kwenye cha pete. Kimelala mkononi mwake kimenyooka, kimetulia tuli, na mimi bado naandika